Meza ya Siku ya Kuzaliwa: Ipendeze Bila Deni



Sherehe ya siku ya kuzaliwa, ambayo wengi wetu huiita bathdei, siku hizi imeingia mpaka vijijini. Zamani ilikuwa ni mambo ya watu wa tauni. Leo hii watoto wanaofanya kazi mjini wanarudi nyumbani kumfanyia mama yao sherehe ya miaka 70, na wajukuu nao wanadai keki yao. Ni jambo jema. Afadhali mtu aambiwe kwamba anapendwa akiwa bado hai na anasikia, kuliko kungojea maua ya kaburini.

Lakini kuna shida moja inayofuatana na sherehe hizi, nayo ni meza. Watu wameona picha kwenye simu: vitambaa vya kukodi, maua ya dukani, baluni mia moja, keki ya ghorofa tatu. Basi mtu anachukua mkopo wa simu, au anaomba pesa kikundini akisema ni za mbegu. Sherehe inakwisha jioni hiyo hiyo, lakini deni linakaa miezi. Kila mweka hazina anaijua hadithi hii. Pesa zilizokusudiwa karo au mbolea zimeliwa na baluni, na baluni zenyewe kesho yake zimelegea.

Makala hii inaeleza jinsi ya kupamba meza ya siku ya kuzaliwa ipendeze, iwe safi na salama, na isimwachie mtu deni. Vitu vingi tayari mnavyo nyumbani au shambani. Vile visivyopatikana kwa urahisi, kikundi kinaweza kuvinunua mara moja na kuvitumia miaka mingi.

MEZA NI YA NANI?

Kabla ya kukata hata ua moja, jiulizeni: meza hii tunampambia nani? Hili ndilo swali la kwanza, na wengi wanalisahau. Tunapamba ili majirani waone, tunasahau mwenye siku.

Mwenye siku akiwa mtoto wa miaka mitano, meza iwe fupi, afikie mwenyewe bila kubebwa. Meza ndogo ya sebuleni inafaa, au mkeka mzuri chini ya mti. Mwenye siku akiwa nyanya wa miaka 80, anahitaji kiti chenye mgongo na mahali pa kuegemeza mikono. Kiwe mahali ambapo jua halitamchoma na spika za muziki haziko karibu na masikio yake. Kitambaa kisining'inie mpaka chini, maana anaweza kukikanyaga akiinuka na kuvuta meza nzima.

Jambo lingine: mwenye siku asikae jikoni. Mara nyingi mama anaambiwa, "Leo ni siku yako," halafu yeye mwenyewe ndiye aliyeamka saa kumi alfajiri kukanda unga wa chapati. Wageni wanakula, yeye anaosha sufuria. Meza ya namna hiyo, hata ikipambwa kwa waridi, haijamheshimu. Pambo la kwanza la meza ni mwenye siku ameoga, amevaa vizuri, ameketi.

JINA LINAWEZA KUIONGOZA MEZA

Wazee wetu wengi hawakuandikiwa tarehe walipozaliwa. Watoto wanashangaa: tutafanyaje sherehe na hatujui siku? Lakini desturi zetu zilikuwa na njia ya kuweka kumbukumbu, nayo ni jina.

Kwa Wabukusu, Wafula na Nafula ni waliozaliwa wakati wa mvua. Wekesa na Nekesa, wakati wa mavuno. Simiyu na Nasimiyu, wakati wa kiangazi. Wanjala na Nanjala, wakati wa njaa. Kwa Waluo, Okoth na Akoth walizaliwa mvua ikinyesha. Okinyi na Akinyi, asubuhi. Ochieng na Achieng, jua likiwaka. Otieno na Atieno, usiku. Kwa Wakalenjin, Kiprop na Cherop ni wa mvua, na Kiprono na Cherono ni wa jioni mifugo inaporudi nyumbani. Kwa Wakamba, Mbula na Wambua ni wa mvua. Na pwani, Juma na Mwanajuma wamechukua jina la siku ya Ijumaa.

Basi kama nyanya anaitwa Nekesa, mfanyieni sherehe wakati wa mavuno, na meza yake ipambwe kwa mavuno: mahindi yenye maganda yake, mashuke ya wimbi na mtama, malenge, maharagwe yaliyomwagwa kwenye uteo. Kama ni Akoth au Cherop, chagueni majira ya mvua, na meza iwe ya majani mabichi na maua ya shambani, ambayo wakati huo ni mengi na ni ya bure. Kama ni Akinyi, sherehe iwe ya asubuhi: chai ya maziwa, mandazi, viazi vitamu na ndizi mbivu. Hiyo ni nafuu kuliko chakula cha mchana cha watu 50, na jina lake limeheshimiwa.

Na kama jina ni Nanjala? Hapo msikimbie. Mwulizeni kwa upole kama angependa watoto wasikie habari za miaka ile: watu walikula nini, nani aliwasaidia. Akikubali, wekeni mezani chakula kilichowaokoa, kama vile mihogo au mboga za kienyeji, kando ya kuku na chapati za leo. Akikataa, mheshimuni, mpambe kwa maua tu. Siku ni yake.

Kwa Wakikuyu, mtoto hupewa jina la jamaa. Mvulana wa kwanza huitwa jina la babu mzaa baba, na msichana wa kwanza jina la nyanya mzaa baba. Kwa hiyo katika bathdei ya mtoto kama huyo, wekeni viti viwili vya heshima pamoja: cha mtoto na cha yule ambaye ana jina lake. Watoto wengi wanafurahia hili kuliko baluni.

Mapambo ya namna hii hayapatikani dukani. Na yanawafundisha watoto wanaokua mjini kwamba jina la nyanya yao lina maana.

KITAMBAA: PIMA KWANZA

Meza isiyo sawa haipambiki. Kwanza itikiseni. Ikiyumba, wekeni kipande cha mbao au karatasi ngumu iliyokunjwa chini ya mguu mfupi. Kama hakuna meza ya kutosha, mbao mbili juu ya kreti za soda zinafaa, mradi zimefungwa kwa kamba zisiteleze.

Mtu mmoja anayekula ameketi anahitaji kama sentimita 60 za ukingo wa meza. Kwa hiyo meza ya sentimita 180 kwa 90 inaketisha watu watatu kila upande na mmoja kila ncha, jumla wanane. Wageni wakiwa 30, msijaribu kuwabanana. Fanyeni meza moja ya chakula, watu wajipakulie na kuketi kwenye viti na mikeka kuizunguka boma. Lakini wazee wapakuliwe na kuletewa walipo, wasipange foleni.

Kitambaa kizuri kining'inie kama sentimita 30 kila upande. Hesabu yake ni rahisi: urefu wa meza ongeza 60, na upana wa meza ongeza 60. Meza ile ya 180 kwa 90 itahitaji kitambaa cha 240 kwa 150.

Mama mwenye leso hana haja ya kununua kitambaa. Leso moja ni kama sentimita 150 kwa 110, na leso huuzwa mbili mbili. Tandika leso ya kwanza, ule urefu wa 150 ukikata upana wa meza. Tandika ya pili kando yake. Zikigusana zitakuwa na 220, na kwa meza ya 180 zitaning'inia sentimita 20 kila ncha na 30 kila ubavu. Mahali zinapokutana pafunikwe kwa majani au kitambaa cha kufuma. Msizikate, kesho zitarudi kiunoni.

Lakini soma maneno ya leso kabla ya kuitandika! Leso nyingi zina methali na maneno ya baraka, lakini nyingine zina vijembe. Usije ukamtandikia mama mkwe leso inayomsema jirani mwenye wivu, halafu sherehe nzima watu wananong'ona. Chagua yenye maneno mema, na upande wenye maandishi uelekee kwenye ncha za meza ambapo watu wataona.

Vitambaa vya kufuma, vile tunavyoweka juu ya viti, vinapendeza sana katikati ya meza. Vifuliwe na kutiwa wanga ili vikae wima. Koroga vijiko viwili vikubwa vya wanga wa muhogo kwa maji baridi kidogo mpaka viishe madonge, halafu mimina kwenye maji yanayochemka yatimie lita moja, ukoroge mpaka yawe mepesi ya kung'aa. Yakipoa, chovya kitambaa, kamua, kinyooshe mahali safi, kisha pasi kikiwa na unyevu kidogo. Wengine hutumia maji ya sukari. Kwa meza ya chakula si vizuri, kwa sababu sukari huita sisimizi na nzi.

Kama meza iko nje, upepo ni adui. Bana kitambaa kwa vibanio vya kuanikia nguo upande wa chini wa meza, au shona vijiwe vidogo kwenye pindo. Na kabla ya kuweka meza chini ya mti, tazama juu: kuna kiota? Kuna kuku wanaolala hapo?

Kuhusu rangi, chukua mbili au tatu tu, na uzitoe kwenye kitambaa chenyewe. Leso ikiwa nyekundu na nyeupe, maua yawe mekundu au meupe, na majani ya kijani yaunganishe. Meza yenye rangi saba inachosha macho, hata kama kila kitu ni cha bei.

MAUA, MAJANI NA MATUNDA

Maua ya nyumbani yanatosha kabisa: waridi, alizeti, marigoldi, na hata maua madogo ya porini. Yanadumu yakikatwa vizuri:

1. Kata asubuhi na mapema au jioni, si saa sita jua likiwaka.
2. Tumia kisu kikali, ukate bua kwa mshazari ili linywe maji vizuri.
3. Ondoa majani yote yatakayozama majini, kwa sababu huoza na kunukisha maji.
4. Yaache kwenye ndoo ya maji safi kivulini kwa saa kadhaa kabla ya kuyapanga.
5. Badilisha maji kila siku.

Ua la haibiskasi ni zuri lakini kwa kawaida haliendi zaidi ya siku moja, kwa hiyo lichumwe asubuhi ya sherehe. Bogenvilia hunyauka haraka na ina miiba. Ondoa miiba kabla ya kuiweka karibu na mikono ya watoto.

Vyombo vya maua si lazima viwe vya kununua. Chupa za jemu na mikebe ya mafuta ya kupikia, ikioshwa na kuzungushiwa kamba ya katani au kipande cha kitenge, inapendeza. Lakini mkebe au chupa ya dawa ya mifugo au ya mimea usitumiwe kabisa, hata kwa maua tu, hata ukioshwa mara kumi. Mtoto atauona mezani na siku nyingine atauchotea maji.

Maua yasizuie watu kuonana. Kipimo chake ni hiki: weka kiwiko juu ya meza na mkono wima. Maua yasipite ngumi yako. Watu wamekuja kumwona mwenye siku, si kuchungulia kati ya majani.

Njia nyingine nzuri ni kupamba kwa vitu vitakavyoliwa. Uteo au kiondo kilichojaa machungwa, ndizi mbivu, maembe, nanasi katikati, na majani machache pembeni: hilo ni pambo, na baada ya chakula ndilo tunda. Hakuna kinachotupwa. Ndiyo maana tunasema familia isiyo na pesa ya maua bado ina pambo, mradi ina shamba.

Majani ya mgomba yanafaa kutandikwa chini ya sinia. Yaoshe pande zote mbili, halafu yapitishe juu ya moto mdogo kwa muda mfupi. Yatakuwa laini na hayatapasuka. Angalia tu utomvu wa mgomba usiguse kitambaa au nguo. Doa lake ni jeusi na ni vigumu sana kulitoa.

MAUA YA KUOGOPA

Si kila ua zuri ni la mezani. Haya yasikaribie chakula:

- Oleanda, kichaka chenye majani marefu membamba na maua ya pinki, meupe au mekundu. Sehemu zake zote zina sumu inayoharibu mapigo ya moyo. Msitumie hata vijiti vyake kuchomea nyama.
- Maua makubwa yanayoning'inia kama tarumbeta. Yana sumu inayomvuruga mtu akili.
- Mmea wa ua wenye vijiti vya kijani na maziwa meupe, ambao Waluo huuita ojuok na Wakikuyu kariaria. Maziwa yake yakiingia jichoni yanaumiza vibaya.
- Lantana. Vijitunda vyake vya kijani vina sumu, na watoto huvutwa na rangi zake.

Kama hamjui ua ni la namna gani, liacheni kwenye ua wa boma. Lipendeze huko huko.

KEKI, MISHUMAA NA BALUNI

Keki ya kuokwa kwenye sufuria na makaa juu ya kifuniko ni keki kamili. Iwekeni kwenye sinia lililotandikwa kitambaa cha kufuma, izungushieni maua salama yaliyooshwa, yasiguse keki yenyewe. Hapo imependeza.

Keki ndogo inatosha watu wengi ikikatwa kwa hesabu. Keki ya sentimita 30 kwa 24, ukiikata vipande vya sentimita tatu kwa tatu, inatoa vipande 10 kwa 8, yaani 80. Hata kijiji kitaonja.

Tuna desturi ya kulishana keki, na ni desturi nzuri ya upendo. Lakini kijiko kimoja kikiingia vinywa 30, kinapeleka mafua na magonjwa mengine kutoka kwa huyu hadi kwa yule. Tumieni vijiti vya meno, kila mtu na chake. Na anayelisha aoshe mikono kwanza.

Mishumaa ikae kwenye mkebe wenye mchanga, mbali na karatasi, baluni, mapazia na nywele za bandia. Kwa mzee wa miaka 80 hakuna haja ya mishumaa 80. Mmoja kwa kila miaka kumi unatosha, yaani minane. Mtu mzima mmoja apewe kazi ya kuiangalia mpaka izimwe.

Baluni chache zinatosha, na zifungwe juu, mtoto mdogo asizifikie. Kipande cha baluni iliyopasuka kinaweza kumkaba mtoto kooni. Kiokoteni mara moja. Badala ya baluni, kata vipande vya pembe tatu vya vitenge vilivyobaki kwa fundi, vishonee kwenye kamba ndefu, utundike juu ya meza. Kamba hiyo itatumika bathdei zote za familia, mwaka baada ya mwaka.

Na ile desturi ya kumwagia mwenye siku maji? Vijana wanaipenda. Ifanyike mbali na meza, kwa maji safi, baada ya kula, na kwa mtu anayekubali. Nyanya asimwagiwe. Na simu zitolewe mfukoni kwanza!

CHAKULA MEZANI

Kwenye meza ya kujipakulia, panga vitu kwa mfuatano ambao watu watapita. Sahani zianze. Zifuatwe na wali, chapati au ugali, kisha mchuzi na nyama, kisha mboga, kisha kachumbari. Vijiko viwe mwisho kabisa, ili mtu asihangaike navyo mkononi akipakua. Meza ikisogezwa mbali na ukuta, foleni mbili zinaweza kupita pande zote mbili na watu hawatachoka kungoja.

Chakula kilichopikwa kisikae mezani zaidi ya saa mbili. Mahali penye joto kali, saa moja. Kwa hiyo msipakue chote saa nne kwa sababu wageni wataingia saa saba. Pambeni meza mapema, lakini chakula kikae motoni, kwenye sufuria zilizofunikwa, mpaka watu wafike. Funikeni mabakuli kwa vitambaa vyepesi vyenye shanga pembeni. Shanga huzuia upepo, kitambaa huzuia nzi, na ni pambo pia.

Mahali pa kunawa mikono pawe kabla ya meza, penye sabuni. Beseni moja ambalo kila mtu anachovya mikono si la kunawia, ni la kugawana uchafu. Mtoto mmoja amwage maji kwa jagi, au mtumie mtungi wenye bomba. Pembeni wekeni mkebe wa maua. Hapo ndipo wageni wataona kwanza kwamba wamekaribishwa.

Kumbukeni pia kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku hapa Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017. Wageni wakifungashiwa chakula, kiwe kwenye majani ya mgomba, vikapu au vyombo walivyokuja navyo.

KAZI ZIGAWANYWE

Mpango ulio rahisi ni huu:

Wiki moja kabla: hesabu wageni, pima meza, fua na utie wanga vitambaa, andika kila kitakachonunuliwa na bei yake sokoni kwenu. Familia ikubaliane kiasi ambacho hakitavukwa.

Siku moja kabla: wanaume na vijana walete meza, viti na kivuli. Wanawake wasibebe meza na pia wapike. Maua yakatwe jioni. Keki iokwe.

Asubuhi yenyewe: tandika, panga maua na matunda, weka maji ya kunawa. Watoto waokote takataka bomani na kufunga kamba ya vitambaa.

Baada ya sherehe: wale waliokula wengi kuliko kupika, hao ndio waoshe vyombo. Maua yapelekwe kwa jirani mgonjwa au yatupwe kwenye shimo la mbolea.

SANDUKU LA SHEREHE LA KIKUNDI

Sasa tufike kwenye jambo ambalo vikundi vinaweza kulianza mwezi huu. Badala ya kila nyumba kukodi vitu tauni au kukopa, kikundi kiwe na sanduku moja la chuma lenye vifaa vya meza. Kwa kuanzia: vitambaa vinne vya meza, sahani 50, vikombe 50, vijiko 50, mabakuli sita makubwa ya kupakulia, majagi mawili na mabeseni mawili, vibanio 24, vifuniko vya shanga na kamba moja ya vitambaa vya rangi. Kitambaa chenye upana wa sentimita 150 kikinunuliwa mita mbili na nusu kwa kila meza, jumla ni mita kumi, na fundi wa kikundi atashona pindo.

Tuchukue mfano. Kikundi cha watu 20, kila mmoja akitoa sh. 100 kwa mwezi, kwa miezi sita kitakuwa na sh. 12,000. Vifaa vikikodishwa kwa wasio wanachama kwa sh. 500, mara tatu kwa mwezi, kinapata sh. 1,500 kila mwezi. Pesa iliyotumika itarudi kwa miezi minane, kama hakuna kilichopotea. Nyinyi tumieni bei za soko lenu, lakini hesabu iende hivyo hivyo, kwenye karatasi, kabla ya kununua chochote.

Sheria chache zitaokoa urafiki:

1. Anayeweka ufunguo asiwe yule anayeweka daftari.
2. Vitu vihesabiwe vikitoka na vikirudi, mbele ya watu wawili, na waweke sahihi.
3. Mkodishaji aache amana. Kilichovunjika kilipwe kutoka humo.
4. Vitambaa virudi vimefuliwa, na si vibichi, maana vitapata ukungu.
5. Wanachama wapunguziwe bei, lakini wasiachiwe bure. Kitu cha bure hakitunzwi.
6. Mwenyekiti naye alipe kama wengine.

Ile ya sita iandikwe kwa wino mzito. Vikundi vingi vimevunjika kwa sababu sheria ilikuwa ya wadogo tu.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

Someni makala hii pamoja, halafu mjigawe watu watano watano:

1. Sherehe ya mwisho hapa kijijini iligharimu nini, na nani bado analipa?
2. Katika sherehe zetu, mama mwenye siku hukaa mezani au jikoni? Kwa nini?
3. Tuna wazee gani ambao hawajawahi kufanyiwa sherehe? Majina yao yana maana gani, na yanaonyesha majira gani?
4. Ni vitu gani vya kupambia meza tunavyo tayari katika nyumba zetu? Kila mmoja ataje vitatu.
5. Je, tungependa kuwa na sanduku la sherehe? Nani ataweka ufunguo, na nani ataweka daftari?

Majibu ya swali la nne yaandikeni kwenye karatasi kubwa na kuibandika ukutani. Mkishaiona orodha hiyo, ndipo mwamue kama kuna kitu cha kununua.